Ukali, Uchungu na Mnato: Lugha ya Kuonja na Kutathmini Stauti ya Rai

Mhadhara huu unahusu jambo linaloonekana dogo: namna ya kuonja bia nyeusi aina ya stauti ambayo sehemu ya nafaka yake ni rai, na maneno ambayo mwonjaji anayetumia Kiswahili anaweza kuyategemea ili hukumu yake ieleweke na mtu mwingine. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano na shayiri, inayolimwa kwa wingi Ujerumani, Polandi na Urusi, ambako kwa karne nyingi imekuwa nafaka ya mkate mweusi. Kwa Kiswahili haina jina lililozoeleka. Hapa linatumika umbo la kukopa, ingawa Kiswahili tayari kina neno rai lenye maana ya maoni au ombi. Muktadha utatosha kuyatenganisha mawili hayo, kama unavyotosha kutenganisha kaa la moto na kaa wa pwani.

Huenda ikaulizwa bia inaingiaje katika taaluma ya lugha. Inaingia kwa sababu tathmini ya kinywaji ni tendo la lugha kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwonjaji hakabidhi ulimi wake kwa mtengenezaji, humkabidhi maneno. Ni kwa maneno hayo mtengenezaji hupunguza kimea, hubadili hamira au huacha kabisa kutumia nafaka fulani. Mwanaisimu wa Kimarekani Adrienne Lehrer, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu mazungumzo ya wanywaji wa divai, alionyesha kwamba wanywaji wa kawaida wanaozungumza lugha moja, wakiwa na divai zilezile mbele yao, hutumia maneno yaleyale kwa maana zinazotofautiana kiasi kwamba mmoja akisoma maelezo ya mwenziwe mara nyingi hushindwa kuitambua divai inayoelezwa. Iwapo hali ni hiyo kwa Kiingereza, chenye vitabu vingi vya somo hili, basi mwonjaji wa Kiswahili hana sababu ya kujiona kwamba yeye peke yake ndiye aliyepungukiwa. Ana sababu, hata hivyo, ya kuwa mwangalifu anapotafsiri.

Kilichomo glasini

Stauti ilizaliwa kutokana na bia ya London ya karne ya 18 iliyoitwa porta, jina linalohusishwa na wapagazi wa jiji hilo waliokuwa wanywaji wake wakubwa. Porta iliyokuwa na nguvu zaidi iliitwa stauti, na hapo awali neno hilo halikuwa na maana nyingine ila nguvu. Kwa ufupi, ilikuwa "porta kali". Weusi wake wa leo unatokana na kukaangwa kwa nafaka. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kuzungushia kimea juu ya moto bila kukiteketeza, na tangu hapo kiasi kidogo cha kimea cheusi kiliweza kuipaka bia nzima rangi. Kule Dublin, Guinness, kiwanda ambacho Arthur Guinness alikodi eneo lake mwaka 1759, baadaye kilikuja kujulikana kwa shayiri iliyokaangwa bila kuoteshwa kwanza. Kwa njia ya kiwanda hicho stauti ilifika hadi Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi imetengenezwa Nairobi.

Rai si sehemu ya historia hiyo. Iliingizwa katika stauti hasa na watengenezaji wadogo wa Marekani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, waliokuwa na hamu ya kujaribu kila nafaka. Kazi yake si nyepesi. Punje ya kimea cha shayiri ina ganda, na maganda hayo ndiyo huwa chujio wakati maji matamu ya kimea, ambayo mtu wa Songea angeyaona kuwa ndugu wa togwa, yanapotolewa katika pipa. Rai haina ganda la namna hiyo. Zaidi ya hayo, imejaa arabinoksilani na beta-glukani, yaani aina za wanga usiomeng'enywa kwa urahisi, ambazo hunywa maji na kuyafanya mazito na yenye kuvutika. Nafaka ikizidi, pipa huziba. Kwa sababu hiyo aghalabu rai huwa kati ya asilimia 10 na 20 tu ya nafaka yote. Takwimu hiyo inafaa kukumbukwa: mwonjaji anaombwa kuitambua nafaka ambayo ni sehemu ndogo, tena katika kinywaji ambacho nguvu zake zote zimo katika nafaka nyingine iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi.

Jicho hutangulia ulimi

Mwaka 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio ambalo kila mwonjaji anapaswa kulijua. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai katika mji wa Bordeaux walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliieleza harufu yake kwa maneno ya divai nyekundu. Uchambuzi wa msamiati wao ulionyesha kwamba divai nyekundu huelezwa kwa vitu vyenye rangi nyekundu au nyeusi, na divai nyeupe kwa vitu vya rangi ya manjano au visivyo na rangi. Yaani pua ilikuwa ikisema kile ambacho jicho lilikwisha kukiamua.

Stauti ni mtego wa namna hiyo hiyo. Mtu akishika glasi nyeusi tii, maneno kahawa, chokoleti na makaa humjia kabla hajainusa. Mengi kati ya hayo ni kweli, kwa sababu kukaanga buni na kukaanga shayiri ni moto uleule unaofanya kazi ileile. Lakini si yote, na tathmini inayoanza na kuishia hapo imetathmini rangi. Ndiyo maana katika maabara za uonjaji hutumika glasi za rangi ya giza au taa nyekundu.

Jicho likishafanya kazi yake halali, yaani kutazama rangi, wepesi wa kupitisha mwanga ukingoni, na povu, basi liwekwe kando. Povu la stauti ya rai hustahili kutazamwa kwa makini, kwani protini na wanga wa nafaka hii husaidia povu kudumu. Mwonjaji aandike kama povu ni la vipovu vidogo au vikubwa, kama linashikamana na kuta za glasi au linazama upesi.

Kuhusu joto la kinywaji, Kiswahili cha baa kina jozi moja tu: baridi na moto. Bia "ya moto" si iliyochemshwa. Ni ile ambayo haikuingia kwenye friji. Stauti inataka hali ambayo jozi hiyo haiitaji, takribani nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Ikiwa baridi sana, harufu hulala na ulimi hufa ganzi. Ikiwa ya moto, kileo huzidi kusikika.

Harufu, na tofauti ambayo Kiswahili kinayo

Katika harufu Kiswahili kina faida ambayo haijatumiwa vya kutosha. Kitenzi kunuka na kitenzi kunukia hutenganisha ubaya na uzuri kwa kiambishi kimoja tu. Mwonjaji anayeandika "inanukia ukoko" amesema mambo mawili kwa pamoja: kuna harufu ya nafaka iliyoshikwa na moto chini ya sufuria, na harufu hiyo inapendeza. Akiandika "inanuka moshi", amekwisha kutoa hukumu. Kiingereza huhitaji kivumishi cha ziada kufanya kazi hiyo. Hatari iliyopo ni kwamba hukumu inaingia mapema mno. Kwa mwonjaji wa maabara, anayetakiwa kueleza kwanza na kuhukumu baadaye, ni salama zaidi kutumia nomino: "harufu ya ukoko", "harufu ya moshi", "harufu ya mkate uliookwa sana".

Maadamu ukoko umetajwa, itafaa kusema kwamba ni mojawapo ya maneno bora kabisa kwa stauti. Linabeba wanga, moto na utamu uliokaribia kuungua, na kila aliyepikiwa wali analijua. Hakuna sababu ya kuliacha na kukimbilia maneno ya mikate ya Ulaya ambayo wasomaji wengi hawajapata kuionja.

Neno kali

Ugumu mkubwa uko kwenye kali. Pilipili ni kali, ndimu ni kali, chai ni kali, jua ni kali, kisu ni kikali, na pombe ni kali. Mwonjaji akisema "stauti hii ni kali", anaweza kuwa anakusudia angalau mambo matano: kileo ni kingi na kinapasha koo joto, kuna uchachu, ambao nafaka iliyokaangwa huuchangia, gesi inachoma ulimi, uchungu umezidi, au ladha zote kwa jumla zimekolea, kama inavyosemwa juu ya chai. Mtengenezaji akipokea hukumu hiyo hajui afanye nini. Akipunguza hopsi ilhali mwonjaji alikusudia gesi, ameiharibu bia isiyo na kosa.

Inapendekezwa kwa hiyo kwamba katika tathmini neno ukali libaki kwa kileo peke yake, na hisi nyingine zipewe majina zilizo nayo tayari. Uchachu ni wa ndimu, ukwaju na maziwa yaliyoganda. Mchomo ni wa gesi. Kukolea ni kwa ladha iliyofika kiasi chake. Na ukakasi ni ile hali ya ulimi na mashavu kukauka na kujikunja, ambayo bibo na ndizi mbichi huiacha. Neno hili la mwisho siku hizi limechukuliwa na wanasiasa na waandishi wa habari, ambao kila jambo lisilowapendeza huliita "lenye ukakasi", lakini maana yake ya kinywani bado ni hai, na stauti inaihitaji. Maganda ya nafaka iliyokaangwa, yakichemshwa au kuoshwa kwa maji ya moto kupita kiasi, hutoa ukakasi huo, na mwonjaji asiye na neno lake huuandika kuwa uchungu.

Uchungu wenyewe nao ni wa namna mbili katika stauti. Upo wa hopsi, ua la mtambaa ambalo huchemshwa na maji ya kimea, na upo wa nafaka iliyoungua. Wa hopsi uko karibu na mwarobaini: ni wa majani, huchelewa kidogo, kisha hung'ang'ania. Wa nafaka ni wa kahawa ya kikombe kidogo inayouzwa barazani, na hufika pamoja na harufu yake. Huu ndio msingi wa desturi ya waonjaji wa bia kumeza badala ya kutema: uchungu unaobaki baada ya kumeza ni sehemu ya kinachopimwa. Nafaka za Afrika Mashariki zinaijua jozi hii pia. Mbege ya Wachaga, inayotokana na ndizi na kimea cha ulezi, hupata uchungu wake kwa gome la msesewe, nayo busaa ya magharibi mwa Kenya hupitia hatua ya kukaanga unga wa mahindi uliochachushwa kabla ya kuchanganywa na kimea. Mnywaji wa mbege na mnywaji wa busaa wakikaa meza moja, tayari wana kati yao nusu mbili za uchungu wa stauti.

Tatizo la viungo

Katika maandishi ya Kiingereza kuhusu bia, rai huelezwa karibu kila mara kwa neno moja lenye maana ya "yenye viungo". Hapa ndipo tafsiri inapoweza kuleta madhara halisi. Mzungumzaji wa Kiswahili, hasa wa Unguja na Pemba, anajua viungo kwa majina: karafuu, iliki, mdalasini, kungumanga, binzari. Akiambiwa stauti ina viungo ataitafuta iliki, na asipoipata atampunguzia mtengenezaji alama kwa kosa ambalo halipo.

Viungo hivyo vya rai vinatoka wapi? Chanzo kimoja ni cha kikemia. Rai ina asidi ya feruliki, na baadhi ya hamira, hasa zile zinazotumika katika bia za ngano za kusini mwa Ujerumani, huigeuza kuwa kiini kiitwacho vinilgwayakoli, ambacho ni jamaa wa yujenoli, kiini cha karafuu. Bia ya namna hiyo hunukia karafuu kwelikweli. Lakini stauti kwa kawaida huchachushwa kwa hamira za Kiingereza, Kiayalandi au Kimarekani ambazo hazina uwezo huo. Karafuu ikisikika katika stauti, swali la kwanza ni kuhusu usafi wa hamira, si kuhusu rai.

Chanzo cha pili ni mkate. Mikate mingi ya rai ya Ulaya ya kati na ya Marekani hutiwa kisibiti, na walaji wamezoea kuiona ladha ya kisibiti kuwa ndiyo ladha ya rai. Shirika la Marekani la waamuzi wa bia linalojulikana kwa kifupi BJCP, lililoanzishwa mwaka 1985, limelazimika kuonya katika mwongozo wake, linapoeleza bia ya rai ya Kijerumani, kwamba ladha ya rai itokane na nafaka peke yake, si na kisibiti cha mkate. Onyo hilo lenyewe ni ushahidi kwamba wasemaji wa Kiingereza wamekwisha kupotoshwa na msamiati wao, na hakuna haja ya Kiswahili kuukopa upotofu huo pamoja na neno.

Kikiondolewa kisibiti na kuondolewa karafuu, kinachobaki ni kidogo lakini ni cha kweli: ladha kavu ya nafaka, yenye udongo kidogo, karibu na ganda la mkate wa unga usiokobolewa. Yafaa iitwe hivyo hivyo.

Mnato

Zawadi kubwa ya rai, kwa maoni yanayotolewa hapa, haiko katika ladha bali katika mguso wa kinywani. Wanga ule unaoziba pipa ndio unaoifanya bia kuwa nzito, laini na yenye kuteleza. Kiswahili kinaweza kuieleza hali hii vizuri zaidi ya lugha ambazo huishia kusema "mwili" wa bia. Kuna uzito wa uji wa ulezi, unaojaza kinywa. Kuna ulaini wa tui, unaotokana na mafuta. Na kuna utelezi wa mlenda, unaovutika kati ya kijiko na bakuli. Rai huelekea upande wa mlenda. Ikiwa kiasi, bia hupita kooni kama iliyopakwa hariri. Ikizidi, mnywaji huhisi ute, na hilo ni kosa. Neno mnato linafaa kwa sifa nzuri, na uteute kwa kasoro.

Maneno haya ni ya jikoni, wala hayahitaji baa. Kiswahili kimelelewa katika mwambao wa Kiislamu ambako wengi wa wazungumzaji wake hawanywi kileo, na bado wana sauti kamili katika kuamua ukakasi ni nini na mnato ni nini. Mlenda hauna kileo.

Fomu ya waamuzi wa BJCP ina alama 50. Harufu hupewa 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5, na hisia ya jumla 10. Stauti iliyotiwa rai kiasi cha kutambulika huwekwa katika kundi la bia za nafaka mbadala, na kutakiwa ionyeshe nafaka hiyo. Hapo pana mgongano. Ikiwa mchango mkubwa wa rai uko katika mguso, basi umepewa sehemu moja ya kumi ya alama zote, na mwamuzi anayetaka kuupa uzito husukumwa kuutafuta katika ladha, kwenye alama 20, ambako atakuta kahawa na ukoko. Haishangazi kwamba baadhi ya watengenezaji huongeza rai, au hutumia rai iliyokaangwa, au hata hutia hopsi zenye harufu ya pilipili manga, ili mwamuzi apate anachokitafuta. Wahenga walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema anasifiwa kwa kitu kisichokuwemo, naye anakitia.

Tahadhari moja zaidi kuhusu mguso. Tangu mwaka 1959 Guinness ya pipa hutolewa kwa msaada wa gesi ya naitrojeni, ambayo vipovu vyake ni vidogo mno na huifanya bia ihisike laini kuliko ilivyo. Watengenezaji wengine wamefuata. Stauti ya rai iliyotolewa kwa naitrojeni haiwezi kutathminiwa mnato wake kwa haki. Ulaini wa gesi na ulaini wa nafaka huchanganyika, na mwonjaji hana njia ya kuutenganisha mmoja na mwingine kwa ulimi.

Jinsi ya kujua kama rai imo

Njia iliyo ya haki ni ya glasi tatu. Hutengenezwa stauti mbili zinazofanana kwa kila kitu, ila moja ina asilimia 15 ya rai na nyingine ina shayiri badala yake. Mwonjaji hupewa glasi tatu za rangi ya giza, mbili zikiwa na bia moja na ya tatu ikiwa na nyingine, na huulizwa ipi iko tofauti. Kwa kubahatisha tu mtu atapatia mara moja katika tatu, hivyo waonjaji wengi wanahitajika kabla ya kudai lolote. Hatua ya pili ndiyo inayohusu isimu: wale waliopatia tu ndio huulizwa tofauti hiyo ni ya nini, na huulizwa bila kupewa orodha ya maneno. Orodha ikitangulia, majibu yatakuwa mwangwi wa orodha.

Jaribio hilo halihitaji mitambo. Linahitaji pipa mbili ndogo, kimea, subira ya wiki chache, na mwandishi mwenye daftari atakayenukuu kila neno kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha. Wakishiriki wazungumzaji wa Pemba, Moshi, Kakamega na Lubumbashi, huenda kali ya mmoja ikawa chachu ya mwingine, na daftari hilo litakuwa na manufaa kwa watunga kamusi hata kama hakuna atakayekumbuka bia ilikuwaje.